Namna ya Kuisoma Helikopta ya Uchukuzi ya Kijeshi na Kuyapima Maboresho Yake: Mfano wa Mi-8 na Mi-17

Helikopta kubwa yenye mapanga matano juu, mapanga matatu mkiani na madirisha ya duara ubavuni, inapotua Bunia, Juba au Entebbe, mara nyingi huwa ni ya ukoo wa Mi-8. Ukoo huu ulizaliwa katika ofisi ya usanifu ya Mikhail Mil katika Umoja wa Kisovyeti, ukaruka kwa mara ya kwanza mwaka 1961, na tangu wakati huo zaidi ya helikopta 12,000 zimeundwa katika viwanda vya Kazan na Ulan-Ude. Majeshi ya Uganda na Rwanda yanazo, na vikosi vya Umoja wa Mataifa vilivyoko Kongo na Sudan Kusini vimezitegemea kwa miaka mingi. Hata hivyo, habari nyingi zinazoandikwa kuzihusu huishia kwenye maneno "helikopta ya kijeshi", kana kwamba zote ni moja, ilhali mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kutofautiana kwa nguvu na kwa mzigo kiasi kwamba moja itaondoka na majeruhi wote kwenye kilima cha Kivu na nyingine italazimika kuwaacha nusu yao chini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanahabari, mwanafunzi, au mwananchi yeyote anayetaka kuitazama helikopta ya aina hiyo, kujua ni toleo gani, kusoma kazi iliyokusudiwa kutokana na vifaa vilivyofungwa juu yake, na kupima kama vifaa hivyo vinaendana na kazi hiyo. Kanuni inayotawala kila hatua ni kwamba hakuna boresho lisilolipiwa kwa kilo. Kila kinachofungwa huondoa kitu kingine, ama mafuta, ama watu, ama shehena, na mtu asiyeuliza kilichoondolewa hajaielewa helikopta aliyoitazama.

Tazama mkia kwanza

Njia ya haraka ya kuitenga Mi-8 ya zamani na Mi-17 ni kutazama rafadha ya mkia, yaani yale mapanga madogo yanayozunguka mkiani. Simama nyuma ya helikopta, au jiweke hapo kwa mawazo, ukielekea upande ilipo pua. Rafadha ndogo ikiwa kulia, unatazama Mi-8 ya kizazi cha kwanza, yenye injini mbili za TV2-117 ambazo kila moja hutoa takriban nguvu ya farasi 1,500. Ikiwa kushoto, unatazama Mi-8MT au mojawapo ya matoleo yaliyoifuata, ambayo nje ya Urusi hujulikana zaidi kwa jina la Mi-17. Badiliko hilo lilifanywa katikati ya miaka ya 1970, wasanifu walipochukua injini mpya za TV3-117, zenye takriban nguvu ya farasi 1,900 kila moja, wakazifunga kwenye bodi ileile. Rafadha kuu inayozungushwa kwa nguvu zaidi huusukuma mwili wa helikopta uzunguke kwa nguvu zaidi upande wa pili, na rafadha ya mkia kama ilivyokuwa haikutosha kuushikilia. Kuihamishia kushoto kuliiongezea uwezo, hasa kwenye upepo na kwenye miinuko. Toleo la kuuza nje lilioneshwa Paris mwaka 1981 kwa jina la Mi-17.

Ukitumia picha badala ya kuiona helikopta yenyewe, soma kwanza maandishi yaliyoko ubavuni. Picha nyingi za mtandaoni zimegeuzwa kushoto kuwa kulia, na ishara ya mkia hukuongoza vibaya kabisa picha ikiwa imegeuzwa.

Baada ya mkia, pandisha macho kwenye injini, juu ya chumba cha marubani. Kwenye Mi-17 nyingi utaona vifuniko viwili vya mviringo vilivyotokeza mbele ya matundu ya kuvutia hewa. Hayo ni machujio ya vumbi. Hewa hulazimishwa kuzunguka kifuniko kwa kasi, chembe za mchanga zikarushwa pembeni kwa uzito wake na kutolewa nje, na hewa iliyo safi zaidi ikaingia kwenye injini. Kwa yeyote anayetua kwenye viwanja vya udongo vya Somalia au Sudan Kusini, machujio haya ndiyo yanayoamua kama injini itafikia muda wake au itang'olewa mapema ikiwa imelika. Gharama yake ni kwamba yanapofanya kazi huipunguzia injini sehemu ndogo ya nguvu, na sehemu hiyo huonekana siku ya joto, helikopta ikiwa imejaa.

Nyuma ya rafadha kuu, Mi-17 ina injini ndogo ya AI-9V ambayo kazi yake ni kutoa hewa ya kuwashia injini kubwa. Msomaji anaweza kuipita kwa haraka, lakini helikopta iliyotua mahali pasipo na gari la umeme, betri zikiwa zimechoka, huelewa thamani yake mara moja.

Majina yasikuchanganye. Kiwanda cha Kazan hutumia majina kama Mi-17-1V na Mi-17V-5, na kile cha Ulan-Ude hutumia Mi-8AMT, Mi-171 na Mi-171Sh, na jeshi la Urusi lenyewe huziita helikopta hizohizo Mi-8MTV au Mi-8AMTSh. Mi-17V-5 ya mnunuzi wa nje na Mi-8MTV-5 ya jeshi la Urusi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mtu akisema nchi fulani "imebadilisha Mi-8 kwa Mi-17", uliza ni Mi-8 ipi, kwa sababu huenda hakuna kilichobadilika zaidi ya jina.

Pua na mlango wa nyuma

Matoleo ya awali yana pua ya vioo iliyo ya mviringo, na nyuma yana milango miwili mikubwa inayofunguka kushoto na kulia. Milango hiyo ina faida ambayo watu husahau: inaweza kuondolewa kabisa, helikopta ikaruka na mzigo mrefu uliotokeza nje. Lakini kuishusha timu ya askari kupitia mlango mmoja wa mbele kwenye uwanja unaofyatuliwa risasi ni jambo la hatari, kwa sababu sekunde ambazo helikopta inakaa chini ndizo sekunde ambazo adui anaweza kulenga.

Mi-17V-5 ilijibu tatizo hilo. Milango ya nyuma iliondolewa, pakawekwa ubao mmoja unaoshuka kwa nguvu ya haidroliki, mlango wa pili ukafunguliwa upande wa kulia, na viti vikapangwa ili ndani ziingie nafasi 36 badala ya 24 za kawaida. Pua ya vioo ikabadilishwa kwa pua ndefu kidogo isiyo ya vioo, ikiwa na nafasi ya rada ya hali ya hewa. India iliona thamani ya mpangilio huo, ikaagiza 80 mwaka 2008 na kuongeza maagizo hadi kufikia 151, na Marekani nayo ilinunua 63 kwa ajili ya jeshi la anga la Afghanistan, kwa sababu marubani na mafundi wa Kiafghani walikuwa wameizoea familia hii tangu enzi za Wasovyeti.

Usitegemee ishara moja. Zipo Mi-171Sh zenye ubao wa nyuma zikiwa bado na pua ya vioo. Tazama mkia, injini, pua na mlango kwa pamoja, ndipo utamke jina la toleo.

Piga hesabu ya uzito na hewa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na napendekeza msomaji achukue karatasi na kalamu.

Mi-17 inaruhusiwa kuondoka ikiwa na uzito usiozidi kilo 13,000. Ikiwa tupu, toleo lenye vifaa vya kisasa hukaribia kilo 7,500. Zinabaki kilo 5,500 kwa kila kitu kingine. Toa kilo 300 za wahudumu watatu na vifaa vyao, zinabaki 5,200. Weka kilo 2,000 za mafuta, zinabaki 3,200. Tuseme umefunga bamba za deraya, za kuzuia risasi, pembeni mwa marubani, bunduki ya mlangoni, risasi zake na vifaa vya kujikinga, vyote vikiwa na kilo 400, zinabaki 2,800. Askari mmoja mwenye silaha, maji na mkoba ni kama kilo 115. Askari 24 ni kilo 2,760. Wametosha, na kilo 40 zimebaki.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya usawa wa bahari na hewa ya wastani. Wataalamu wa anga huanzia kwenye kipimo cha nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari, joto likipungua kwa nyuzi 6.5 kila mita 1,000 za kupanda. Uwanja wa Goma uko takriban mita 1,550, kwa hiyo kwa kipimo hicho joto lake lingekuwa nyuzi 5. Mchana kukiwa na nyuzi 25, kuna nyuzi 20 za ziada, na kila nyuzi moja ya ziada hufanya hewa iwe nyepesi kana kwamba umepanda takriban mita 36 zaidi. Ukizidisha unapata mita 720. Mapanga na injini hufanya kazi kana kwamba Goma iko karibu mita 2,300. Mogadishu, ambako ni usawa wa bahari, kukiwa na nyuzi 32, hesabu hiyohiyo hutoa mita 600 hivi tu. Helikopta ileile, rubani yuleyule, mafuta yaleyale, lakini hewa si ileile.

Ikiwa majedwali ya helikopta yatasema kwamba kwa hewa hiyo ya Goma, kwa kupanda wima, uzito usizidi kilo 12,000, basi kilo 1,000 zimetoweka, na zote zitatoka kwa askari, kwa sababu mafuta na deraya havishuki kwa hiari. Kilo 1,800 zilizobaki ni askari 15. Kombania ya askari 120 iliyopangiwa safari tano sasa inahitaji nane. Ukisafiri alfajiri Goma ikiwa na nyuzi 15, mwinuko unaohisiwa hushuka hadi karibu mita 1,900, na baadhi ya kilo hizo hurudi bila kununua boresho lolote.

Uliza pia jambo la pili: helikopta itaondokaje? Ukoo wa Mi-8 una magurudumu, na kwenye njia ya ndege rubani anaweza kukimbia kwanza kabla ya kuinuka. Mwendo wa mbele huipa rafadha hewa mpya ya kushika, na mzigo unaobebeka huwa mkubwa kuliko ule wa kupanda wima kutoka katikati ya miti. Takwimu ya mzigo inayotangazwa bila kutaja namna ya kuondoka wala mwinuko haina maana kwa mtu anayepanga kazi ya mlimani.

Injini kubwa si jibu peke yake

Wakati wa vita vya Afghanistan, Wasovyeti waligundua kwamba injini zilizotosha kwenye tambarare ya Urusi hazikutosha kwenye milima ya Hindu Kush. Jibu lao lilikuwa TV3-117VM, injini iliyotengenezwa ili kuhifadhi nguvu kwenye hewa nyepesi, na miaka mingi baadaye ikaja VK-2500, yenye nguvu ya farasi 2,400 wakati wa kuondoka. Msomaji anayeona namba hizo zikipanda kutoka 1,500 hadi 1,900 hadi 2,400 huweza kudhani kwamba mzigo nao ulipanda kwa kadiri hiyo. Haukupanda hivyo. Kikomo cha kilo 13,000 kilibaki.

Sababu ni giaboksi. Nguvu zote za injini hupita kwenye giaboksi kabla ya kufika kwenye rafadha, na giaboksi ina kiwango ambacho haiwezi kukizidi. Usawa wa bahari injini kubwa huwa na ziada isiyoweza kutumika. Kwenye mwinuko, hewa inapopungua na nguvu za injini kushuka, ile ziada ndiyo inayoliwa kwanza, na giaboksi huendelea kupata haki yake hadi juu zaidi. Kwa hiyo boresho la injini kwenye Mi-17 ni boresho la milima na joto. Kikosi kitakachofanya kazi pwani peke yake kitalipa fedha nyingi kwa faida ndogo, na kikosi cha Kivu kitaona tofauti katika kila safari.

Ukitaka kuona boresho linaloongeza uzito unaoruhusiwa, tazama Chinook ya Marekani, helikopta yenye rafadha mbili kubwa ambayo nayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1961. Toleo la CH-47F lina kikomo cha kilo 22,680. Katika mpango wa Block II, kikomo hicho kimepandishwa hadi karibu kilo 24,500, na ili kufika hapo Boeing ililazimika kuimarisha mfumo mzima wa kupeleka nguvu kwenye rafadha pamoja na bodi, na kubadilisha matangi ya mafuta. Mfano wa karibu nasi ni Huey II, ambazo Kenya ilizipokea kutoka Marekani mwaka 2016. Huey ya kawaida ya UH-1H ilikuwa na injini ya nguvu ya farasi 1,400, na Huey II ina ya 1,800, lakini pamoja nayo zilibadilishwa giaboksi, rafadha na mkia, kwa kutumia sehemu za Bell 212. Ni kwa sababu hiyo kikomo chake cha uzito kilipanda. Boresho la mnyororo mzima huongeza mzigo, na boresho la kiungo kimoja huhamisha tu mahali pa kikomo.

Soma kazi kutokana na vifaa

Sasa tazama kilichoning'inia, kilichofungwa na kilichotolewa. Anza chini ya tumbo. Ndoano au kamba iliyoshuka katikati ni ya kubebea mzigo wa nje. Mi-8 ya kwanza iliruhusiwa kilo 3,000 kwenye ndoano, na matoleo mapya hufikia kilo 4,000. Mzigo wa nje hupakiwa haraka na haubanwi na ukubwa wa mlango, lakini huyumba, hivyo helikopta hulazimika kwenda polepole, na safari ndefu hula mafuta mengi kuliko ilivyokadiriwa. Ndoano inafaa kwa umbali mfupi: kuvusha daraja la dharura, kupeleka jenereta juu ya kilima, kuinua gari lililokwama.

Mkono wa chuma juu ya mlango wa kushoto ni winchi ya uokoaji. Winchi ndogo huinua kilo 150, yaani mtu mmoja na nguo zilizolowa. Winchi kubwa huinua kilo 300. Winchi huitaka helikopta isimame hewani bila kugusa ardhi, mara nyingi kwa dakika kadhaa, na hiyo ndiyo hali inayodai nguvu nyingi kuliko zote. Kwa hiyo helikopta ya uokoaji iliyojazwa deraya na mafuta hadi kikomo haiwezi kutumia winchi yake mlimani mpaka iwe imepunguza uzito.

Ndani, tafuta matangi ya ziada. Kila moja hubeba lita 915 za mafuta, ambazo ni kama kilo 720, na huipa Mi-17 zaidi ya saa moja ya kuruka. Kilo 720 ni uzito wa askari sita, na tangi lenyewe hukalia nafasi ya viti. Ukiona matangi mawili ndani ya helikopta inayosemekana ni ya kubeba askari 24, jua kwamba haibebi 24.

Helikopta ya majeruhi hutambulikana kwa nguzo za kutundikia machela. Mi-17 inaweza kupanga machela 12, lakini idadi hiyo huacha nafasi finyu sana kwa mhudumu wa afya, na mgonjwa aliye ngazi ya juu huwa vigumu kumfikia. Helikopta iliyopangwa kwa uangalifu hubeba machela machache, mitungi ya oksijeni, umeme wa kuendesha mashine na taa ya kutosha kumwona mgonjwa. Umoja wa Mataifa hutumia kipimo cha 10-1-2: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, matibabu ya kuokoa uhai ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Kipimo hicho ndicho kinachopasa kuamua helikopta ikae wapi na iwe na mafuta kiasi gani. Canada ilipopeleka Chinook tatu Gao, nchini Mali, mwaka 2018, pamoja na helikopta tano ndogo za Griffon, kazi kuu ilikuwa hiyo, na Griffon zilizosindikiza zilikuwepo kwa sababu helikopta ya majeruhi yenye nafasi ya matibabu haiwezi wakati huohuo kuwa helikopta ya mapigano. Naona huo ni uamuzi wa busara kuliko ule wa kuilazimisha helikopta moja kufanya yote.

Nguzo za pembeni zenye makopo ya roketi hukuambia kwamba toleo hilo limekusudiwa pia kushambulia, kama ilivyo Mi-171Sh. Nguzo hubaki na uzito wake hata zikiwa tupu, na huleta ukinzani wa hewa. Kama helikopta hiyo sasa inasafirisha unga na mahema, uliza kwa nini nguzo hazijafunguliwa.

Vifaa vya kujikinga husomeka kwa macho vilevile. Makasha yanayofunika mabomba ya moshi ya injini huchanganya gesi ya moto na hewa baridi, ili kombora linalofuata joto likose shabaha iliyo wazi. Visanduku vyenye matundu madogo kwenye mkia au ubavuni ni vya fataki za kupotosha kombora. Kila kisanduku cha ASO-2V hubeba fataki 32. Kifaa cha mviringo juu ya mgongo, nyuma ya rafadha, ni L-166V, kinachotoa mapigo ya joto ya kukichanganya kifaa kinachoongoza kombora. Umuhimu wa vifaa hivi ulidhihirika zaidi baada ya makombora ya Stinger kuingia Afghanistan mwaka 1986. Lakini vyote ni kinga dhidi ya kombora la joto. Havizuii risasi. Mnamo 29 Machi 2022 helikopta ya Puma ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo ilianguka Rutshuru, Kivu Kaskazini, ikiwa katika upelelezi, na walinda amani 8 wakafa. Mnamo Machi 2025 helikopta ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa kule Nasir, Sudan Kusini, wakati wa kuwaondoa askari. Helikopta iliyo chini au inayoruka polepole karibu na ardhi hulindwa na njia iliyochaguliwa, saa iliyochaguliwa na taarifa za kuaminika kuliko na kisanduku chochote.

Kuhusu usiku, chungulia chumba cha marubani. Taa nyekundu za zamani huipofusha miwani ya kuonea usiku, na ndiyo maana helikopta iliyoboreshwa kwa usiku huwa na mwanga wa kijani au wa samawati kwenye vipimo vyote vya dashibodi. Taa moja nyekundu iliyosahauliwa inatosha kumharibia rubani uoni. Rada ya hali ya hewa kwenye pua ni boresho lisilovutia wapiga picha, lakini katika eneo letu lenye milima iliyojificha mawinguni nalihesabu kuwa muhimu kuliko roketi. Mnamo Agosti 2012 helikopta nne za Uganda zilikuwa zikivuka Kenya kuelekea Somalia. Mi-17 ilifika Garissa. Mi-24 tatu, helikopta za mashambulizi zilizokuwa nayo safarini, hazikufika. Ziliangukia Mlima Kenya, mlima wenye kimo cha mita 5,199.

Yako pia maboresho yaliyozaliwa na mahali pamoja tu. Baada ya mlipuko wa Chernobyl mwaka 1986, wahudumu wa Mi-8 waliokuwa wakidondosha mchanga juu ya kinu waliweka mabamba ya madini ya risasi sakafuni ili kujikinga na mionzi iliyopanda kutoka chini, na mabamba hayo yalilipiwa kwa mchanga uliopunguzwa. Mi-8AMTSh-VA, iliyoundwa kwa ajili ya Aktiki, ina mifumo ya kupasha joto injini na mafuta yake ili iwake kwenye baridi kali. Toleo hilo likiuzwa kwa bei nafuu kwa nchi ya joto, mnunuzi atakuwa ananunua uzito asiouhitaji.

Uhai wa helikopta baada ya maboresho

Ukipata nafasi ya kusimama karibu na Mi-17 iliyozimwa, tazama shina la kila panga la rafadha kuu. Uti wa panga ni bomba la aluminiamu lililojazwa hewa yenye mgandamizo, na pale shinani kuna kifaa kidogo chenye kifuniko kinachopitisha nuru. Uti ukipata ufa, hewa huvuja, na mkanda mwekundu hujitokeza ndani ya kifuniko hicho. Fundi hukikagua kabla ya kuruka, panga kwa panga, akizungusha rafadha ili kila shina limfikie. Helikopta yenye vifaa vya mabilioni haipaswi kuondoka mkanda huo ukiwa umeonekana.

Mapanga, injini na giaboksi vyote vina saa zilizowekwa za kutumika, na pia miaka, hata kama helikopta imekaa tu. Boresho la chumba cha marubani halirudishi nyuma saa za giaboksi. Mtu anapotangaza kwamba helikopta "imefanywa upya", uliza kilichofanyiwa marekebisho makubwa ni kipi, kiwandani au wapi, na zimebaki saa ngapi. Uliza pia vipuri vitatoka wapi. Ufilipino ilitia saini ya kununua Mi-17 16 mwaka 2021, ikaachana na mpango huo mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine na vikwazo dhidi ya Urusi, na ikaelekea kwenye helikopta za Kimarekani za Black Hawk. Nchi zenye Mi-17 tayari haziwezi kubadilisha ndege zao kwa mwaka mmoja, kwa hiyo kwao swali la vipuri huja kabla ya swali la miwani ya usiku au fataki. Kikosi chenye matoleo manne tofauti ya ukoo mmoja, kila moja na injini na umeme wake, huhitaji maghala manne na mafundi waliosomea yote manne.

Ukiruhusiwa kuona karatasi moja tu, omba ile ya upimaji wa uzito, ambayo hutolewa kila helikopta inapopimwa baada ya matengenezo au mabadiliko. Linganisha uzito mtupu wa sasa na ule wa ilipotoka kiwandani. Tofauti ya uzito huo wa sasa na wa awali, ikigawanywa kwa kilo 115, ndiyo idadi ya askari walioachwa chini ili maboresho yapande. Kisha rudi kwenye jedwali la mwinuko na joto la mahali helikopta itakapofanya kazi, na upige hesabu upya kwa joto la saa nane mchana, kwa sababu majeruhi hawachagui alfajiri.